Majina ya Mashine Namba Tatu

Namba nisiyoijua huwa siipokei. Watoto wangu hunicheka, husema mama yao anadhani simu itamng'ata, nami nawaacha wacheke kwa sababu hawajui tabia hiyo nimeitoa wapi. Mwezi uliopita namba moja ilinipigia mara tatu nikiwa jikoni kwangu Kibagabaga nachambua maharage, na mara ya nne nikapokea kwa ukali, nikauliza nani mwenzangu. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema anaitwa Robert, mtoto wa Bwana Faustin, kwamba baba yake amefariki na wameshamzika, na Jumapili mchana wanamaliza matanga nyumbani kwao Ndera. Huku kwetu siku hiyo tunaiita gukura ikiriyo: watu huketi chini ya hema, hunywa, na waliomjua marehemu husimama mmoja mmoja kumsemea. Alitaka niwe mmoja wao, kwa kuwa nilifanya kazi na baba yake enzi za Nyakabanda. Nikakubali. Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba kwenye stoo ya baba yake wamekuta kompyuta sita za kizamani, nzito, zenye kioo chembamba, na hakuna anayejua zilikuwa za nini. "Kuna muzehe mmoja anatoka Bujumbura, anaitwa Evariste," akasema. "Nilimuuliza, akanijibu, muulize Consolata." Nikamshukuru, nikakata simu, na maharage yale nikayaacha yalivyo. Kwa nini Evariste aseme niulizwe mimi? Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mashine zile, yeye ndiye aliyezifungua na kuzifunga, mimi nilikuwa mwandishi tu. Siku nne nilizobaki nazo kabla ya Jumapili niliugeuza usemi ule kila upande, na kila nilipougeuza niliona mtego.

Sikuwa nimeziwaza mashine zile kwa miaka mingi, au tuseme nilijizoeza kutoziwaza. Nilimwomba binti yangu anitafutie habari zake mtandaoni, nikamwelezea: bapa, rangi ya maziwa yaliyochacha, vibonye vinavyopiga kelele, mistari minane tu ya maandishi kwenye kioo. Akazipata mara moja. Kumbe zina wapenzi wake, wazee wa nchi za baridi wanaozipangusa vumbi na kupiga picha nazo. Wanasema zilikuwa miongoni mwa kompyuta mpakato za mwanzo kabisa duniani, na jina hilo la Kiswahili zililistahili kweli, maana ulizipakata magotini kama mtoto. Kampuni ilitoa matoleo matatu. La kwanza lilipendwa na waandishi wa habari kwa sababu lilitumia betri nne ndogo, zilezile za redio na tochi, na mtu aliweza kuandika porini bila umeme. La pili likaongezewa kumbukumbu. La tatu likawekewa mfuniko wa kukunja uliovunjika hovyo, watu wakalikimbia, na kampuni ikaacha kuzitengeneza, ikahamia kwenye mambo mengine. Habari ikaishia hapo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba miaka baadaye sita za toleo la kwanza, zilizochokwa na waliokuwa nazo, zilipakiwa kwenye sanduku na kuletwa Kigali kama msaada, wala zilikaa katika nyumba gani, wala zilibeba nini.

Habari za ukimbizini kwetu Karagwe, Tanzania, na jinsi tulivyorudi Rwanda nitaziacha, kila familia ya waliorudi ina hadithi hiyo na zote zinafanana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha upigaji chapa, na Bwana Faustin alinichukua wiki ileile niliyofika. Yeye alikulia Uganda, mtu mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mvua, na alipewa kuongoza ofisi ndogo iliyokuwa na kazi moja: kuandika majina ya watu wanaotafutana. Ule ulikuwa wakati baada ya jenoside, yale mauaji ya kimbari, na nusu ya watu uliokutana nao njiani walikuwa wanamtafuta mtu. Mama anamtafuta mtoto, mtoto hajui jina la ukoo, mzee anamtafuta mke ambaye mtu alisema alimwona kambini. Tulikwenda milimani kuanzia Jumatatu mchana hadi Ijumaa, kila mwandishi na mashine yake magotini, tunauliza, tunaandika. Majina yakiingia kwenye mashine ndiyo yamehifadhiwa, hatukuandika pengine, karatasi ilikuwa haba na wakubwa walitaka kila kitu kiwe cha kisasa. Jumatatu asubuhi Evariste alikuwa anaunganisha mashine moja moja kwa waya na kompyuta kubwa iliyokuwa chumbani kwa Bwana Faustin, majina yanahama, yanachapwa, yanabandikwa makanisani na masokoni. Hapo ndipo watu walipokutana. Niliwahi kuona mwanamke akisoma ubao, akaketi chini palepale kwenye matope na nguo yake ya Jumapili, kwa sababu jina alilolitafuta lilikuwepo.

Nyumba yetu ilikuwa Nyakabanda, chini kidogo ya barabara, kati ya fundi seremala na fundi wa kuchomelea milango. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu na kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli. Chumba cha Bwana Faustin kilikuwa pembeni, kina pazia la kijani lisilofika chini, kwa hiyo ulimjua aliyemo kwa viatu vyake. Nyuma kulikuwa na jiko la mkaa la Mama Zena, mpishi wetu, mama wa Kiislamu mzaliwa wa hapohapo, ambaye hakuwa na subira na sisi tuliotoka nje. Zile kompyuta aliziita sinia. "Toeni hizo masinia zenu mezani, chakula iko tayari," alikuwa akisema, kisha anatua sufuria la maharage yenye mawese, ndizi za kupika, na siku njema isombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa hadi yakalainika. Nami nililala chumba cha mwisho karibu na jiko, kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na Bwana Faustin akanipa ufunguo wa akiba wa kabati ili siku za mapumziko kuwe na mtu wa kulinda mashine. Nilijiona mkubwa sana na ufunguo ule. Niliufunga kwenye pindo la kanga na kulala nao.

Watu wa leo hawaelewi tulivyokuwa tukitazamana. Swali la kwanza ulilomuuliza mtu lilikuwa, ulitokea wapi? Na jibu lake lilikutosha kumhukumu. Sisi wa Tanzania tuliambiwa ni wavivu wenye maneno matamu, wale wa Uganda walikuwa wababe, wale wa Burundi walijiona wasomi kwa sababu ya Kifaransa chao, na waliokuwa hapahapa hatukuthubutu kuwauliza lolote. Evariste alitokea Bujumbura. Alikuwa na miaka kama thelathini, mkimya, mwenye bisibisi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga, na alikuwa na mazoea ambayo kwa macho yangu ya wakati ule hayakuwa mazuri hata moja. Alikula akiwa amegeukia ukuta. Alikuwa na kijitabu ambacho akiandika alikifunika kwa kiganja. Ijumaa jioni alikuwa wa mwisho kufunga kabati na wa mwisho kutoka. Lakini alijua kazi, na alinifundisha kwa upole. Siku moja aliifungua mashine mezani, akanionyesha kijibetri kidogo kama kifungo cha shati kilichochomelewa ndani. "Unaona hii, Conso? Hii ndiyo roho. Hizi ingine ine ni chakula tu. Hata ukitoa zote ine, hii inashika majina siku nyingi, iko kwa kitabu." Alikuwa na kitabu cha mashine cha Kifaransa na alikiamini kama Biblia. Hakikuwa kimekosea. Kiliandikwa tu mashine zikiwa mpya.

Majina yalianza kupotea msimu wa mvua za vuli. Jumatatu moja Evariste aliiunganisha mashine namba tano, akasubiri, akabonyeza tena, kisha akanyanyua uso na kusema iko tupu. Ilikuwa imejaa Ijumaa, aliyeitumia aliapa. Tukadhani ni ajali, tukarudi mlimani kuwaomba radhi watu na kuandika upya. Wiki mbili baadaye ikawa namba mbili. Kisha wiki moja salama. Kisha mbili kwa mpigo. Hakukuwa na mpangilio, na hilo ndilo lililotutia wazimu, kwa kuwa mashine mbovu huharibika ile ile kila siku, lakini hapa ilikuwa kama kuna mtu anayechagua. Na hebu fikiria ni nani, katika nchi ile, wakati ule, angependa majina ya waliopotea yasionekane. Hakuna aliyelisema mezani. Tulilila pamoja na maharage. Mama Zena peke yake ndiye aliyetoa mdomo: "Lisemwalo lipo, na lisilosemwa ndio lipo zaidi," akasema akipakua, na kila mmoja akatazama sahani yake.

Niliamua nitamkamata huyo mtu. Nilikuwa msichana, nina ufunguo, na nilikuwa nimesikia watu wakiniita mtoto wa juzi. Nikaanza kuhesabu nyayo, kunusa makopo, kusimama nyuma ya milango. Siku moja mchana, wengine wakiwa wamelala kwenye mikeka baada ya kula, nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nasugua masufuria kwa majivu, nikamsikia Evariste anaongea chini chini na Mama Zena. "Hiyo karatasi usionyeshe muntu, mama. Hiyo jina Direkta asilione. Akiliona, mimi nimekwisha." Na Mama Zena: "Tumbo yangu ni kaburi, mwanangu. Ndugu yangu akienda Bukavu ataipeleka." Nikabaki nimeshika sufuria, maji yananichuruzika kwenye viwiko. Jina ambalo mkubwa wetu hapaswi kuliona, na karatasi inayovushwa mpaka! Sikuhitaji zaidi. Jumatatu iliyofuata namba tatu ikawa tupu, majina kumi na tisa, ya watu waliokuwa njiani wanahama na ambao hatukuweza kuwapata tena. Nikaenda nyuma ya pazia la kijani.

Bwana Faustin alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Nilimwambia nilichosikia, neno kwa neno, na hapo ningenyamaza ningekuwa mtu mwema. Lakini alinitazama akisubiri, nami nilitaka sana asinione mtoto. Nikasema kwamba nilimwona Evariste na namba tatu ikiwa wazi mezani, na bisibisi mkononi. Ni kweli nilimwona, ila ilikuwa ile siku aliyonifundisha, wiki nyingi nyuma. Hilo la wiki nyingi nyuma sikulisema. Aliliweka yai chini, nusu limemenywa, akafuta vidole kimoja kimoja.

Alituita wote chumba cha mbele. Fundi wa jirani alikuwa anapiga nondo, kwa hiyo maneno yalibidi yasemwe kwa nguvu, na nadhani hilo liliyafanya mabaya zaidi. "Karatasi ya Bukavu ilikuwa na jina la nani?" Bwana Faustin akauliza. Evariste alimtazama Mama Zena, Mama Zena akatazama sakafu, na mimi nikatazama mikono yangu. "Nani amekutuma?" Hakujibu. "Sisi tunatafuta watu, wewe unawafuta mara ya pili. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa siamini." Hapo ndipo Evariste alipofungua kinywa. "Direkta, mashine zimezeeka. Zinasahau. Tuchape Ijumaa, tusingoje Jumatatu." Bwana Faustin akacheka bila furaha. "Mashine haisahau. Muntu ndiye anaisahaulisha." Jioni ile Evariste alikusanya bisibisi zake, akaacha kitabu cha Kifaransa mezani kikiwa kimefungwa, akamuaga kila mtu kwa mkono, hata mimi. Kesho yake Bwana Faustin aliniamuru nipige chapa barua kwa kila ofisi mjini iliyohusika na wakimbizi, watoto na majina, kwamba mtu huyu haaminiki na majina ya watu, asipokewe. Niliipiga nakala kumi na mbili bila kosa hata moja. Nilijivunia kazi yangu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nitaeleza jambo ambalo nimelificha hata kwa marehemu mume wangu. Nyumbani nilikokulia, redio ikianza kuvuta sauti, mama alizitoa betri, akazibonyeza kidogo kwa meno, akazipanga kwenye bati juani. Zilirudisha nguvu, au tuliamini zinarudisha, na kila nyumba niliyoijua ilifanya vivyo hivyo. Zile mashine za ofisi zilikuwa na taa ndogo nyekundu iliyowaka betri zikichoka, na betri mpya zilipatikana kwa tabu. Basi kila Jumamosi, nikishafua, nilifungua kabati kwa ufunguo wangu, nikawasha mashine moja moja, na ile yenye taa nyekundu nikaitoa betri zake nne na kuzianika kwenye dirisha la jiko hadi Jumapili. Jumapili jioni nilizirudisha. Hakuna aliyeniagiza. Sikumwambia mtu kwa sababu haikuwa kitu cha kusema, kama vile huwatangazii watu kwamba umefagia. Niliona naisaidia ofisi.

Wiki ya pili baada ya Evariste kuondoka, Jumamosi, nilikuwa nimeshazitoa betri za namba nne nilipokumbuka kwamba nilitaka kuhakikisha jina la mlima fulani ndani yake. Nikazirudisha dakika ileile, nikawasha. Kioo kilikuwa cheupe. Dakika tatu kabla kilikuwa na ukurasa mzima wa watu. Niliketi sakafuni nikawa sielewi, kisha nikawa naelewa na sitaki. Nikachukua namba tatu, ambayo wiki hiyo haikuwa na kitu, nikaandika jina langu mwenyewe, Consolata, nikaizima, nikaiwasha, jina lipo. Nikatoa betri, nikazipeleka dirishani, nikanywa chai ya Mama Zena iliyobaki asubuhi, imepoa, na sukari yote iko chini. Nikarudi, nikaziweka betri, nikawasha. Sikuwepo. Nikarudia, nikadhani nimekosea. Sikuwepo tena. Ile roho aliyonionyesha Evariste, kile kijibetri cha ndani, ilikuwa imekufa zamani katika mashine zote sita, pengine kabla hazijapanda meli, na kitu pekee kilichokuwa kinayashika majina ya watu wale ni zile betri nne nilizokuwa nazianika juani.

Ningeweza kwenda kwa Bwana Faustin Jumatatu. Niliandaa hata maneno. Lakini barua ilikuwa imeshakwenda, na nilijua imeandikwa nini kwa sababu niliipiga mimi, na nikawaza, ikiwa mkimya wa watu amefanywa hivi kwa jambo alilodhaniwa, nitafanywaje mimi niliyetenda? Nani angeamini habari ya jua na dirisha? Wangeuliza nani amenituma. Niliogopa, nikanyamaza, Jumapili nikapanda mlimani peke yangu kuyaandika upya majina ya namba nne, nikaacha kuanika betri. Na kwa kuwa niliacha kuanika, majina hayakupotea tena. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Siku moja mezani Bwana Faustin akanyoosha kijiko na kusema, "Mnaona? Tangu aondoke, hakuna jina hata moja limepotea." Wote wakaitikia yego, yego. Nami nikaitikia. Mama Zena alinipakulia sahani yangu mwisho siku hiyo, na kila siku baada ya hapo, wala hakuniambia kwa nini. Mwaka ulipoisha ofisi ilipata kompyuta mpya za kutumia umeme, yale masinia yakafungwa kwenye sanduku, na mimi nikapata kazi wizarani kwa barua ya sifa kutoka kwa Bwana Faustin. Aliandika kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Nyani haoni kundule, husema watu, lakini mimi la kwangu nililiona, nikavaa gauni refu.

Tangu hapo nikawa mtu wa kushuku. Mume wangu akichelewa nilinusa mashati. Wasichana wa kazi walinikimbia mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya maswali yangu. Nilidhani ni hekima, nimeona dunia. Nimechelewa sana kujua kwamba mtu aliyewahi kuficha huona maficho kila mahali.

Jumapili nilifika Ndera mapema, nyumba mpya ya ghorofa moja, migomba nyuma, hema jeupe uani. Robert alinipeleka sebuleni. Mashine sita zilikuwa zimepangwa kwenye meza ya kulia chakula juu ya kitambaa cha kufuma, na mbele yake, amesimama na miwani mkononi, alikuwepo Evariste. Nywele zote nyeupe. Robert akasema atatuletea soda, akatuacha. Nje watu walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani.

"Conso."

"Evariste. Karibu Kigali."

"Ya tatu ndiyo hii," akasema, akaigusa. "Iko na mukwaruzo hapa."

Sikukaa. Nilijua nikikaa tutaanza kuulizana habari za watoto na za barabara ya kutoka Bujumbura, na wimbo utaisha. Nikamwambia. Nilianza na taa nyekundu, nikamaliza na chai baridi, nikaongeza ile ya bisibisi na siku ambayo haikuwa siku yake, na nakala kumi na mbili. Alisikiliza akiwa ameinamia mashine, kama alivyokuwa akisikiliza zamani mtu akimweleza kibonye kisichofanya kazi.

"Betri," akasema mwishowe. "Kwa jua. Hata mama yangu alikuwa anafanya hivyo." Kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Wiki ya pili baada ya wewe kuondoka."

"Wiki mbili." Akavaa miwani, akanitazama nayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya makosa yangu, na sikuwa nimejiandaa kwa hasira ya hizo wiki. "Wiki mbili nilikuwa bado niko hapa Kigali, Conso. Nilikuwa nalala Nyamirambo kwa binamu ya Mama Zena. Ungenikuta kwa miguu."

Nikamuuliza jina la kwenye karatasi ya Bukavu lilikuwa la nani. Nilikuwa nimeishi na swali hilo maisha yangu yote na sikuwa na haki ya kuliuliza. "Marigarita," akasema. "Dada yangu mudogo. Aliolewa Kibuye, wakavuka maji wakati wa vita, basi. Unakumbuka sheria ya ofisi: mufanyakazi haandiki ndugu yake, asije akawaweka mbele ya wengine. Mimi nilimwandika. Kwa namba tatu, Ijumaa ile, muntu wa kumi na tisa. Na karatasi nikamupa Mama Zena kama njia ya pili. Ningesema kwa Direkta, nafukuzwa kwa kuvunja sheria. Nisiposema, nafukuzwa kwa kufuta. Nikaona heri ninyamaze, labda watapata namna ya kuyarudisha majina, na ya kwake itakuwa mule."

"Ulimpata?"

"Karatasi ilirudi vile ilienda. Halafu nikaenda kwa ofisi zingine kumwandikisha. Kila mahali walikuwa na barua yako." Hakupandisha sauti. "Nani angepokea jina kutoka kwa mukono wangu?"

Nililia, na nitasema wazi kwamba nililia kwa ajili yangu mwenyewe kwanza, kisha kwa ajili yake, na kwa ajili ya Marigarita mwisho kabisa, kwa sababu sikumjua. Nikamuuliza kwa nini alimwambia Robert aniulize mimi. Alikuwa anaijua habari ya betri? Akatikisa kichwa. "Oya. Sikujua nini. Lakini nilihesabu miaka yote hii nani alikuwa ndani ya ile nyumba Jumamosi na Jumapili. Ni wewe peke yako. Nilikuwa nadhani walikutuma." Tukatazamana juu ya mashine zile sita, wazee wawili, kila mmoja akiwa amemchunguza mwenzake kwa mbali nusu ya maisha.

Robert alichungulia mlangoni, akasema Mama Consolata, zamu yako imefika, watu wanasubiri ushuhuda. Nikamwomba dakika moja. Nikamnong'oneza Evariste kwamba nitakwenda kwake Bujumbura, nitaandika barua, nitaipeleka popote atakapo, lakini leo ni siku ya Faustin, watoto wake wako pale, siwezi kumvua nguo baba yao mbele ya wageni. "Wale wageni," akasema, "uliwaangalia? Yule mwenye koti ya bluu alikuwa na ofisi ya watoto Kacyiru. Yule mama wa mbele alikuwa kwa wakimbizi. Barua yako waliisoma. Nimewasalimia saa hii, wamenipa vidole tu. Faustin amekufa akiniamini mimi ni muntu mubaya. Kwake imekwisha. Kwa hawa bado."

Nikamwambia sijui nianzie wapi.

"Anza na jina langu," akasema. "Yote mawili. Ulitamke vizuri, wasikie hadi nyuma."

Akatangulia kutoka, akaketi kiti cha mbele ambacho hakuna aliyekuwa amempa. Nilipewa kipaza sauti. Mjane wa Faustin akanitazama kwa upole akingoja nimsifu mume wake, na yule mwenye koti la bluu akaweka chupa yake chini ya kiti. Nikalisema jina la Evariste, na la baba yake, mara mbili, kisha nikasema kwamba mtu huyu hakufuta jina la mtu yeyote, niliyefuta ni mimi.